Watoto wa chekechea waagwe, wasitorokwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia ambayo kila Januari, shule zinapofunguliwa, huonekana kwenye malango ya chekechea za Mombasa kuanzia Likoni hadi Kisauni, na ambayo tumeizoea kiasi kwamba hakuna anayeihoji. Mzazi humleta mtoto wa miaka mitatu au minne, mwalimu humshika mkono na kumwonyesha mpira au picha zilizobandikwa ukutani, na mtoto anapogeuza uso tu, mzazi huchomoka. Mtoto akitazama tena nyuma hamwoni mtu. Kilio kinachofuata husikika hadi barabarani, nasi watu wazima huambiana kwamba atazoea. Mimi ni mwalimu wa chekechea wa miaka mingi, na ninachotaka kusema ni kwamba mtoto mdogo anastahili kuagwa, na kuambiwa ukweli, kila anapotolewa katika hali moja na kuingizwa katika nyingine, hata kama ukweli huo utamliza.

Kutorokwa huku hakuanzii shuleni. Mtoto anapolikizwa, yaani anapoachishwa ziwa, mama hupotea siku mbili tatu kwa dada yake, au mtoto mwenyewe hupelekwa kwa nyanya akidanganywa kwamba anakwenda kucheza na binamu zake. Mvulana huvishwa kanzu mpya akaambiwa anakwenda kununuliwa aiskrimu, kumbe siku yake ya tohara imefika. Mama akienda hospitali usiku kujifungua mtoto wa pili, yule wa kwanza huamka asubuhi hamkuti, na akiuliza huambiwa amekwenda sokoni. Babu akifariki, mtoto huambiwa amesafiri, kisha hukaa wiki nzima akingoja zawadi za safari. Nia ya wakubwa katika haya yote ni njema, kwani wanataka kumwepusha mtoto na uchungu, lakini uchungu wenyewe hauepukiki, na kinachobadilika ni kwamba mtoto anaukuta peke yake, bila kuandaliwa, na mikononi mwa watu aliowaamini.

Hofu ya kutengana na mlezi si deko wala ukorofi. Ni hatua ya ukuaji ambayo kwa kawaida hujitokeza mtoto anapokaribia miezi minane, huwa kali hadi karibu mwaka mmoja na nusu, na huweza kurudi kila hali inapobadilika, kama vile kuhama nyumba, kuugua au kuanza shule. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu yake ilianzia kwa jirani zetu. Katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa akizitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, nyumba kwa nyumba, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Alikuwa amekusudia kuchunguza athari za kumwachisha mtoto ziwa, kwani alikuwa amesikia juu ya desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa nyanya ili asahau titi, desturi ambayo wasomaji wengi wa pwani wataitambua mara moja. Alipofika alikuta desturi hiyo imeanza kuachwa, naye akageukia swali kubwa zaidi, la jinsi mtoto anavyojenga imani kwa mlezi wake. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake humfanya mama gati lake: huondoka kwenda kugusa hiki na kile, hurudi kutulia kidogo, kisha huondoka tena. Watoto wenye uhakika huo hawakuwa waliaji, na ndio waliothubutu kwenda mbali.

Wazazi wengi huliona hili kinyume. Wanadhani mtoto aliyeagwa vizuri, akakumbatiwa na kusubiriwa, ataharibika na kuwa mng'ang'anizi, na kwamba aliyeachwa ghafla atakomaa. Mtoto aliyetorokwa mara moja hujifunza kwamba mtu anaweza kutoweka wakati wowote akigeuza uso, na kwa hiyo siku ya pili hageuzi uso tena. Atashika nguo ya mama yake kwa mikono miwili tangu kituo cha matatu. Nyumbani naye humfuata mama hadi mlango wa choo, na mama hulalamika kwamba shule imemharibu mtoto, ilhali kilichomharibu ni jinsi alivyofikishwa shuleni.

Walimu wenzangu, nao, wana jibu lao: mwache, atanyamaza. Ni kweli, hunyamaza. Lakini kunyamaza kuna namna mbili, na mwalimu wa watoto wadogo asiyeweza kuzitofautisha hajaijua kazi yake. Katika miaka ya 1940 na 1950 nchini Uingereza, hospitali nyingi ziliwazuia wazazi kuwatembelea watoto waliolazwa, au ziliwaruhusu mara chache tu, kwa hoja kwamba mtoto hulia akimwona mama na hutulia asipomwona. James Robertson, aliyekaa wodini akiwatazama watoto hao, alieleza kwamba kwanza mtoto hulia na kupigana, baadaye hujikunyata kwa huzuni, na mwishowe huonekana ameridhika, hucheka na kila muuguzi, lakini mama yake akija humgeuzia mgongo. Wauguzi walikuwa wamekiita kimya kile kuzoea. Mwaka 1959 ripoti rasmi ya serikali ya nchi hiyo ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vizuizi. Najua kwamba asubuhi moja ya chekechea hailingani na miezi ya hospitali, na sitaki kumtia mzazi yeyote hofu isiyo na sababu. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyenyamaza, akakaa pembeni na mkoba wake mgongoni saa nzima, hataki kula, hataki kuuvua mkoba, hajatulia. Aliyetulia huonekana: huuweka mkoba chini, huomba zamu ya bembea, hugombana na mwenzake juu ya kalamu ya rangi.

Kuaga kwenyewe si kazi kubwa, ila kuna namna yake. Mtoto wa umri huu hajui saa, kwa hiyo kumwambia kwamba utakuja saa sita ni kumwambia maneno matupu. Mwambie kwa mambo anayoyaona: mtaimba, mtakunywa uji, mtacheza nje, kisha nitakuja. Mwambie jana yake, umkumbushe njiani, umuage langoni kwa maneno yale yale na kwa ufupi, kisha uondoke kweli. Mzazi anayeaga, akarudi, akaaga tena, akachungulia dirishani, humchanganya mtoto karibu sawa na yule anayetoroka. Akilia, mwalimu amwambie kwamba anaona ana huzuni, kwamba anamtaka mama, na kwamba mama atakuja baada ya uji na michezo. Mtoto husaidika sana kusikia hisia zake zikitajwa na mtu mzima asiyezihofia, kwa sababu sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujituliza mwenyewe bado ni changa kabisa katika umri huo na huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kumwamrisha mtoto wa miaka mitatu anyamaze papo hapo ni kumdai kitu asichonacho. Na la muhimu kuliko yote, mzazi arudi wakati alioahidi. Kuchelewa siku za kwanza, hata kwa sababu ya foleni ya feri ya Likoni ambayo sote tunaijua, humrudisha mtoto nyuma, na kama kuna uwezekano wa kuchelewa ni afadhali atajwe mapema mtu mwingine anayemfahamu atakayekuja kumchukua.

Kwa watoto wetu wa Mombasa kuna mzigo mwingine ambao wenye shule hawapendi kuuzungumzia. Mwongozo wa elimu nchini, tangu kabla ya Mtaala wa Umilisi ulioanza kutumika shuleni 2019 hadi sasa, ni kwamba watoto wa chekechea na gredi za kwanza wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, na lugha hiyo katika sehemu kubwa ya kaunti hii ni Kiswahili. Hata hivyo akademia nyingi za binafsi humpokea mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), mwenye miaka minne, kwa Kiingereza tangu salamu ya asubuhi, na wazazi hulipa karo zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto huyo amelelewa na nyanya yake Kibokoni au Majengo, hajawahi kuomba maji kwa lugha nyingine, na sasa anatakiwa kuomba ruhusa ya kwenda choo kwa sentensi asiyoijua, mbele ya mtu aliyemwona jana kwa mara ya kwanza. Anapojikojolea, huitwa kikojozi, na katika shule nyingine hata wenzake huruhusiwa kumcheka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kimwili na kumtesa kiakili, na kwa maoni yangu kumfedhehesha mtoto wa miaka minne mbele ya darasa kwa sababu ya mkojo ni mateso ya kiakili yasiyohitaji mwanasheria kuyafafanua. Mwalimu amwonyeshe kila mtoto choo siku ya kwanza, aingie naye, amwonyeshe maji yalipo, na akubali kuombwa kwa lugha yoyote, hata kwa ishara.

Mchana, baada ya chekechea, wengi wao huenda chuoni kusoma Kurani. Sipingi hata kidogo, wala sioni kwamba dini ndiyo inayowachosha. Ila mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari la shule, akakutana na mwalimu mgeni asubuhi na maalim mgeni alasiri katika wiki hiyo hiyo, amebebeshwa mabadiliko mawili kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne alale kati ya saa 10 na 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Wazazi wanaweza kuanzisha kimoja, wangoje mwezi au miwili, ndipo waanzishe cha pili.

Sasa nifikie jambo ambalo hunisumbua kuliko lango la shule. Katika kila darasa la chekechea katika mitaa yetu kuna watoto ambao mama zao wako Saudi Arabia au nchi nyingine za Ghuba, wamekwenda kufanya kazi za nyumbani kwa mikataba ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili. Simlaumu mama hata mmoja kati yao. Anayejua bei ya unga na kodi ya chumba Kongowea anajua kwa nini wameondoka, na karo ya mtoto huyo huyo ndiyo mara nyingi iliyowapandisha ndege. Kinachoumiza ni namna ya kuondoka. Familia hukubaliana kwamba mama aondoke usiku mtoto akiwa amelala, na asubuhi huambiwa mama amekwenda sokoni na atakuja sasa hivi. Mtoto hungoja. Akisikia mlango, hukimbia. Baada ya wiki kadhaa huacha kuuliza, na familia hufurahi kwamba amesahau, kumbe amejifunza tu kwamba swali lake haliwapendezi wakubwa. Mtoto wa namna hii huja shuleni na kukataa kabisa kuachwa na nyanya, au hutenda kinyume chake, humwendea mgeni yeyote na kumpanda mapajani, jambo ambalo wageni huliita uchangamfu nami huliona kuwa dalili ya kuchunguzwa.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuambiwa. Aambiwe na mama mwenyewe, siku kadhaa kabla, kwa maneno machache na bila kuapa: ninakwenda kufanya kazi mbali, kwa ndege, nyanya ndiye atakayekulisha na kukulaza, nitakuona kwenye simu, zitapita Ramadhani mbili na Idi zake, kisha nitarudi. Hataelewa urefu wa miaka miwili, lakini atakuwa na maneno ya kushika, na nyanya atakuwa na maneno yale yale ya kumrudia kila anapouliza, hata akiuliza mara kumi kwa siku. Mama amwachie leso yake aliyoivaa, isifuliwe haraka, mtoto alale nayo. Simu za video zipigwe kwa wakati unaojulikana badala ya kupigwa kila siku wiki hii na kutopigwa kabisa wiki ijayo, na mtoto asilazimishwe kuzungumza akikataa, kwani kukataa huko mara nyingi ni hasira yake ya haki. Na mama akirudi, asishangae mtoto akimkimbilia nyanya badala yake. Asimdhihaki wala asimnunue kwa zawadi. Ampe muda, na nyanya asiondolewe siku hiyo hiyo, maana kumwondoa ni kumpa mtoto msiba wa pili.

Kuhusu mtoto wa pili anapozaliwa, nitasema kidogo tu. Mkubwa akianza tena kukojoa kitandani au kutaka ziwa, hiyo ni kawaida na hupita. Madaktari hawahesabu kukojoa kitandani kuwa ugonjwa kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili mkewe anapojifungua, na nijuavyo mimi wiki hizo aghalabu huishia kupokea wageni na kutafuta mbuzi wa akika. Ningependa akina baba wazitumie kumpeleka yule mkubwa chekechea na kumrudisha, kwa mkono wao wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba sisi wenyewe tulitorokwa, tukapakwa shubiri, tukatishwa kwa zimwi, na tumekua vizuri. Wengi wetu, naam. Lakini wale waliokua hivyo zamani walikuwa na nyumba iliyojaa watu: mama akitoweka, palikuwa na nyanya, shangazi, khalati na jirani ambaye uso wake mtoto aliujua tangu arubaini yake. Leo mtoto wa Mishomoroni au Magongo anaishi chumba kimoja na mama peke yake, na mama akitoweka hakuna uso mwingine anaoujua. Isitoshe, mafundisho tunayodai kuyafuata hayatuamrishi kumvizia mtoto. Aya ya 233 ya Suratul Baqara katika Kurani, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, inataka wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya hapo wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Mambo yanayofanywa kwa mashauri hufanywa polepole na hadharani.

Wala hatuhitaji kuagiza mfano kutoka ng'ambo. Mwaka 1986, hapa hapa Mombasa, kwa maombi ya viongozi wa jamii ya Waislamu wa pwani, ulianzishwa mpango wa chekechea za madrasa kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, vifaa vyao vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana mtaani, na nyimbo na hadithi zilikuwa za kwetu. Mtoto aliyeingia darasa kama hilo alikuta lugha ya nyumbani kwao na mwanamke anayemjua mama yake, na hivyo hatua ya kutoka nyumbani kwenda shule ikawa fupi.

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto viko mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo ombi langu naliwasilisha kwa idara ya elimu ya Kaunti ya Mombasa na kwa wamiliki wa chekechea za binafsi. Wiki ya kwanza ya Januari iwe ya kuingia kidogo kidogo kwa wanaoanza: siku ya kwanza na ya pili mtoto aje kwa saa moja au mbili akiwa na mlezi anayekaa darasani, siku zinazofuata mlezi akae nje, na ndipo mtoto abaki asubuhi nzima. Watoto wapya wasiingie wote siku moja, bali waje kwa makundi madogo, ili mwalimu mmoja asijikute na vilio ishirini. Najua kwamba mama anayechuuza mahamri alfajiri au anayefanya kibarua hawezi kukaa shuleni siku tatu, na sitaki mpango huu uwe adhabu kwa maskini. Nyanya, khalati au dada mkubwa anaweza kukaa badala yake, mradi awe mtu ambaye mtoto anamwamini. Shule za binafsi zisitoze ada kwa wiki hiyo. Mtoto ambaye baada ya wiki kadhaa bado hali, hachezi na amepunguza kusema, mwalimu azungumze na mzazi faraghani na kumwelekeza kliniki, akiwa na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ambacho kina kurasa za hatua za ukuaji na ambacho wengi wetu hukifunga baada ya chanjo ya mwisho.

Kalenda ya mwaka ujao bado inaweza kurekebishwa. Ikiwa idara itachelewa kutoa mwongozo, walimu wakuu hawazuiwi na yeyote kuanza wenyewe, na matayarisho yake ni mabenchi machache ya ziada darasani pamoja na barua moja kwa wazazi, iandikwe kwa Kiswahili, ipelekwe Desemba kabla sare hazijashonwa.

Wako,
Mwalimu wa chekechea,
Tudor, Mombasa